Homa ya Zamani na Usaili wa Makurutu: Kwa Nini Sikufuta Chikungunya Kwenye Faili

Kila linapotoka tangazo la kuandikisha makurutu, chumba changu cha matibabu hapa Lamu hujaa vijana wasioumwa na chochote. Huja kuuliza iwapo homa waliyougua zamani itawafungia mlango wa jeshi. Msimu uliopita alikuja mzee mmoja na mwanawe wa miaka 21, akaniomba kwa sauti ya chini niyaondoe kwenye faili maandishi yanayoitaja chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. "Daktari, kijana huyu mzima. Karatasi hiyo ya kazi gani tena?" Nilikataa, na tukakaa kitako nimweleze sababu.

Masharti ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) kwa askari wa kawaida yanajulikana: raia wa Kenya, umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua futi 5 na inchi 3, uzani usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke, na afya inayolingana na viwango vya jeshi. Hilo la mwisho ndilo linalowatia watu hofu, kwa kuwa tangazo halifafanui. Lakini anachotafuta daktari anayewapima vijana kwa kazi ya kukimbia, kubeba mzigo na kulala nje ni kile ambacho ugonjwa umekiacha mwilini; jina la ugonjwa ni mwanzo tu wa maswali yake.

Kwa sisi wa Lamu jambo hili lina historia. Mwaka wa 2004, baada ya ukame uliowafanya watu waweke maji majumbani kwa siku nyingi bila kuyabadilisha, chikungunya iliushika mji huu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban watu 3 katika kila 4 walikuwa wameambukizwa. (Wazee waliokuwa wakifuga visamaki ndani ya birika la kuhifadhia maji ili wale viluwiluwi vya mbu walijua walifanyalo.) Kingamwili (kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa) za aina ya IgG, zinazobaki baada ya maambukizi hayo, hukaa miaka na miaka, na kuonekana kwake hakumaanishi kwamba virusi vingalimo. Kama alama hiyo pekee ingekuwa kasoro, mji wa Lamu ungetoa askari wachache mno wakati ule.

Kinachostahili kuulizwa ni viungo. Jina lenyewe la chikungunya limetokana na neno la Kimakonde la kujikunja, na wako ambao maumivu huwaganda kwa miezi au hata miaka, hasa waliougua wakiwa na umri mkubwa. Kwa hiyo nilimpima yule kijana kama ambavyo ningetaka apimwe huko aendako: nikamchuchumalisha na kumwinua mara kadhaa, nikavikagua vifundo vya miguu, nikamuuliza kama vidole huwa vigumu anapoamka. Maumivu yake yalikuwa yamekwisha baada ya wiki sita, na hayakurudi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni moyo. Virusi kadhaa, vikiwemo vya korona, vinaweza kusababisha uvimbe wa misuli ya moyo, na aliyepatwa nao hushauriwa kujiepusha na mazoezi mazito kwa miezi 3 hadi 6, kisha apimwe tena kabla ya kuyarejea. Anayelificha hilo akaenda kushindana mbio anaweza kuanguka na asiinuke.

Homa ya ini aina ya B nayo huwachanganya watu mno. Aliyechanjwa utotoni ana kingamwili za chanjo, na hizo si ugonjwa. Ambaye virusi vingali vikionekana kwenye damu yake baada ya miezi 6 ndiye tunayemhesabu kuwa na maambukizi sugu, na huyo anahitaji kuchunguzwa ini, aende jeshini au asiende.

Hata wenye majeshi makubwa huteleza katika kupanga kanuni hizi. Mnamo Mei 2020 waraka wa jeshi la Marekani ulisema kwamba aliyewahi kuugua korona asiandikishwe kabisa. Haukupita muda, ukalegezwa ili uwabane zaidi wale waliolazwa hospitalini, nao wakaachiwa nafasi ya kuomba msamaha wa sharti hilo. Kosa lilikuwa kulihukumu jina la ugonjwa badala ya hali ya mgonjwa.

Basi badala ya kufuta, niliandika barua: mwezi aliougua, kipimo kilichothibitisha, maumivu yalidumu muda gani, na nilichokikuta siku ile nilipomchunguza. Mzee aliisoma mara mbili, akauliza vipi kama watamkataa kijana kwa sababu ya barua hiyo. Nikamwambia kwamba kijana akiulizwa huko atatakiwa kujibu kwa kinywa chake, na ni afadhali jibu lake lilingane na karatasi kuliko daktari mwingine kuugundua ugonjwa huo baadaye, wakati tayari ameshavaa sare. Akaikunja, akaiweka pamoja na vyeti vya shule na kitambulisho.