Mchuzi wa kuku wa nazi baada ya likizo ya Unguja

Kila msimu wa likizo unapokwisha, wanafunzi wangu wa upishi hapa Arusha huniletea swali lilelile: wamerudi kutoka Unguja na mifuko ya viungo waliyonunua katika soko la Darajani au kwenye mashamba ya Kizimbani, wamepika mchuzi wa kuku nyumbani, nao haukukaribia ule waliokula kule. Huwajibu kwamba viungo vyao havina kasoro; tofauti imo katika mpangilio wa kuvitia sufuriani na katika moto.

Harufu ya viungo hutokana na mafuta yake ya asili, ambayo huchanganyika kwa shida na maji lakini huyeyuka upesi katika mafuta ya kupikia, na rangi ya kiungo cha manjano ina tabia hiyohiyo. Ndiyo maana anayetia bizari kwenye supu inayochemka hupata mchuzi uliopauka, wenye ladha ya unga mbichi. Mimi huanza kwa kukaanga giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, karafuu mbili tatu na kijiti cha mdalasini kwenye kikaango kikavu, juu ya moto mdogo, nikigeuza bila kuacha mpaka giligilani ianze kubadilika rangi na kunukia. Hapo huvimimina kinuni mara moja, kwa kuwa vikibaki kikaangoni huendelea kuungua hata jiko likishazimwa, na uchungu wa bizari iliyoungua hauondolewi na nazi wala sukari. Manjano ya unga siikaangi pamoja navyo, kwani huungua kabla ya vingine.

Kinachohitaji subira kuliko vyote ni kitunguu. Kwa kuku wa kilo moja na nusu hukata vitunguu maji vikubwa vitatu, vyembamba, nikavikaanga kwa dakika 15 hadi 20 mpaka viwe vya kahawia, kisha nikatia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa. Viungo vilivyotwangwa kinuni na manjano hufuata, navyo havizidi dakika moja kabla ya kutiwa nyanya zilizosagwa. Tazama sasa kingo za sufuria: mwanzoni rojo hurukaruka na kutoa mvuke mwingi, halafu hutulia, huwa zito, na mafuta yenye rangi ya dhahabu hujitenga pembeni. Kabla hujayaona mafuta hayo, usitie kuku.

Kuhusu ukali, wengi hutoa mbegu za pilipili wakidhani ndizo zinazowasha, ilhali kapsaisini, kemikali inayowasha, imo zaidi katika utando mweupe unaozishika mbegu. Pilipili mbuzi ikielea nzima bila kupasuka hutoa harufu yake nzuri na ukali wa wastani. Anayetaka kutokwa jasho na aipasue. Ukali ukizidi, maji hayasaidii kitu, bali tui zito, maana kapsaisini nayo huyeyuka katika mafuta.

Kuku wa kisasa huingia mbichi kwenye rojo na kuiva kwa takriban nusu saa. Wa kienyeji humchemsha kwanza na tangawizi na chumvi mpaka alainike, na supu yake siimwagi.

Tui ndipo mchuzi mwingi unapoharibikia. Nazi mbili zikishakunwa, kamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, na uiweke kando, kisha rudia machicha kwa maji ya uvuguvugu upate tui jepesi, ambalo ndilo la kumpikia kuku. Kasimile huingia mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo, huku ukikoroga taratibu bila kufunika. Protini za nazi ndizo zinazoyashika mafuta yasijitenge na maji, nazo hushindwa kazi hiyo mchuzi unapotokota kwa nguvu au unapotiwa kitu kichachu ukiwa jikoni. Kwa hiyo ndimu ikamuliwe baada ya kuipua. Tui la kopo nalo linafaa, mradi sehemu ndogo izimuliwe kwa maji iwe ya kumpikia kuku na iliyobaki isubiri zamu ya kasimile.

Mchuzi uliolala hunoga zaidi, kwani viungo huwa vimepata muda wa kuingia nyamani. Uweke kwenye jokofu mara unapopoa, na kesho yake upashe juu ya moto mdogo, ukiongeza maji kidogo ikiwa umeganda, mpaka nyama iwe ya moto hadi mfupani.