Bei ya mtumba na hesabu za kiwandani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Gari jipya likishauzwa, bei yake ya baadaye haimhusu aliyelitengeneza.

Nchini Marekani, bei hiyo inamhusu tangu siku ya kwanza. Sehemu kubwa ya magari mapya huko hukodishwa kwa mkataba wa miaka mitatu hivi, mara nyingi na kampuni ya fedha ya mtengenezaji mwenyewe. Chukua gari la dola 40,000. Ikikadiriwa kwamba baada ya miezi 36 litabaki na asilimia 60 ya thamani, yaani dola 24,000, mteja hulipia zile 16,000 zinazoshuka: kama dola 444 kwa mwezi, kabla ya riba na kodi. Likirudi na mnada ukatoa 20,000 tu, pengo la 4,000 ni la kampuni. Kwa magari laki moja, hiyo ni dola milioni 400.

Ndivyo ilivyoumia Ford mwaka 2008. Petroli ilipopita dola 4 kwa galoni, pikapu na magari makubwa yalidoda mnadani. Hasara ya dola bilioni 2.1 ikaandikwa vitabuni kwa robo moja ya mwaka. Agosti mwaka huohuo, Chrysler Financial, kampuni ya fedha ya Chrysler, iliacha kabisa kukodisha.

Dhana: Mauzo yakizorota, shusha bei ya gari jipya.

Ukishusha ya jipya, umeshusha na ya kila lililotangulia. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei Marekani, baadhi ya magari hadi asilimia 20. Mwaka mmoja baadaye Hertz, kampuni ya kukodisha magari iliyokuwa imejaza Tesla kwenye maegesho yake, ilitangaza kuuza magari ya umeme 20,000 na kubeba gharama ya dola milioni 245 kwa thamani iliyopotea. Afadhali kupunguza riba ya mkopo wa gari: bei ya kibandiko, yaani ile iliyoandikwa kwenye gari jipya, haiguswi.

Dhana: Mtumba humnyang'anya mtengenezaji wateja.

Wengi hununua jipya kwa kutoa la zamani kama malipo ya awali, kwa hiyo mtumba ukiporomoka, nao hukwama. Hyundai hata huutumia mtumba kuvuta watu: dhamana yake ya miaka 10 ya injini na gia nchini Marekani haihamii kwa mnunuzi wa pili, ila akinunua gari lililothibitishwa na Hyundai yenyewe.

Dhana: Wanunuzi wa ng'ambo hawana uzito Japani.

Uzito wao ulionekana Land Cruiser 300 ya Toyota ilipotoka mwaka 2021: wanunuzi wa Japani walitakiwa kusaini ahadi ya kutoiuza wala kuisafirisha nje ndani ya mwaka mmoja.