Nimechoka kuambiwa "weka biti tu"

Juzi tena. Kikao cha bajeti ya igizo la nyimbo, tumefika kwenye kipengele cha wapiga vyombo, mjumbe mmoja anaweka kalamu chini ananiangalia kwa huruma kabisa, ile ya mtu anayetaka kukupunguzia mzigo: "Mwalimu, hizi nyimbo si uzirekodi tu studio tuweke kwenye flashi? Siku hizi nani anahangaika na vyombo." Wajumbe wakatikisa vichwa. Mstari ukakatwa.

Mimi naishi kwa kuigiza na kuongoza mziki kwenye maigizo ya nyimbo, hapa Mwanza mjini, visiwani, na ng'ambo huko Sengerema, na hii kauli ya "weka biti tu" nimeisikia kwa wakuu wa shule, kwa watu wa miradi, kwa wachungaji, mpaka kwa waigizaji wenzangu ambao biti ikiwekwa ndo wa kwanza kuumia. Sasa naandika mara moja, anayefuata namtumia linki.

Tumalize kwanza ya haraka. Umeme kukatika sio hoja yangu, jenereta zipo. Mwigizaji kuamka na mafua akashindwa kufika juu nayo sio hoja kubwa sana, siku hizi hata simu inashusha ki ya wimbo, yani kimo cha sauti, bila kuharibu spidi. Na sisemi mziki wa kurekodi ni dhambi, mimi mwenyewe harusini naweka. Hoja yangu ni moja tu: biti haisubiri mtu.

Chukua mfano. Mama anayeuza dagaa yuko mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na mtumbwi aliopanda mumewe haujarudi. Anajibizana na mwenye mtumbwi maneno manne matano, afu anaingia kwenye wimbo. Mziki hauanzi pale anapoanza kuimba, unaanza kabla, chini chini, wakati bado wanaongea. Vipimo viwili vya mziki, kodi mbili (kodi ni noti zinazopigwa pamoja), vinajirudia. Sisi tunaita kuzungusha. Unazungusha mpaka yeye awe tayari, sio mpaka wewe uwe tayari, na hapo ndo kazi yangu yote ilipo, mengine hata mtoto wa kwaya ya kipaimara anaweza.

Maana angalia. Ukionyesha hilo igizo Kirumba, hapa mjini, watu wanacheka pale mwenye mtumbwi anapojitetea, kicheko kirefu, mwigizaji hawezi kusema mstari wake juu ya kicheko kwa hiyo anakaa kimya, anapanga dagaa, anasubiri kishuke. Ukienda Igombe, sehemu hiyohiyo, hakuna hata mmoja anayecheka, kwa watu wa mwaloni mtumbwi usiorudi sio utani, na mwigizaji akiusikia ule ukimya anaenda moja kwa moja kwenye wimbo. Kati ya hizo jioni mbili kuna tofauti ya sekunde kumi au zaidi, na hakuna fundi wa studio duniani anayeweza kuijua kabla. Biti ni basi la alfajiri pale stendi ya Nyegezi, likishaanza kutembea uwe umepanda uwe hujapanda. Na mwigizaji anajua hivyo! Ndo ubaya wenyewe. Akishajua mziki unakimbia anaacha kumsikiliza mwenzake, anaanza kuhesabu kichwani, moja mbili tatu nne, macho yanakuwa ya mtu anayetafuta namba ya simu. Watazamaji hawatajua kosa liko wapi, watasema tu "yule dada hajui kuigiza".

Sasa kuzungusha kwenyewe, maana hapa ndo watu wanadhani napapasa tu kinanda. Mwigizaji hawezi kuniangalia. Kwenye kwaya wote macho kwa mwalimu, mwalimu akinyanyua mkono tunaingia, imeisha. Jukwaani huyo mama akinigeukia mimi, mwalo umekufa, mtumbwi umekufa, kila kitu kimekufa. Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo kule New York, wanaweka skrini mbele ya balkoni zinazoonyesha kondakta, yani mwongoza mziki, mwigizaji anaonekana anaangalia mbali kumbe anamwona. Sisi skrini hatuna, kwa hiyo mimi ndo namwangalia yeye. Naangalia mbavu. Mtu akivuta pumzi ya kuongea na mtu akivuta pumzi ya kuimba ni vitu viwili, ya kuimba inashuka chini zaidi, mbavu zinafunguka pembeni, na anayejua kazi mabega yake hayapandi. Nikiona hiyo pumzi natoka kwenye mzunguko. Ila natoka wapi? Mzunguko una milango. Mlango mzuri ni mwisho wa kipimo cha pili, pale kodi inapotaka kurudi nyumbani. Yeye akivuta pumzi katikati ya kipimo cha kwanza nina mawili: nishike kodi nining'inize mpaka atoe neno, au nikate kipimo niruke. Kuning'iniza kunafaa wimbo wa huzuni, kukata kunafaa ugomvi, na mpiga ngoma inabidi aamue kitu kilekile na mimi kwa wakati uleule bila kuambiana. Ndo maana, na hapa wenzangu wa kanisani mtanisamehe, mpiga dramu mwenye mapigo yaliyonyooka kama rula mimi simtaki, nipeni mtu aliyepiga ngoma kwenye mashindano.

Na msiniambie mambo ya kusubiri ni uzungu. Nendeni Bujora pale Kisesa mwezi wa sita, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, mkawaangalie Bagika na Bagalu. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Yule ningi, yani manju wao, anayetunga na kuongoza, hana skripti inayomwambia ubeti huu uimbe mara ngapi. Anaona watu wanasogea kwake anaurefusha, anaona wanaanza kugeuka anaukata, anatoa kituko, mara mtu anaingia na nyoka. Ngoma zinamfuata yeye. Huyo ndo mwongoza mziki wa jukwaani, alikuwepo hapa Usukumani kabla kinanda hakijafika. Sasa mpeni huyo ningi flashi muone.

Wenzetu wanaofanya kazi hii kwenye majumba ya maigizo ya mikoani kule Marekani wana raha zao, kuna chama cha waigizaji tangu 1913, maonyesho nane kwa wiki ndo kawaida kwenye majumba makubwa, na vitabu vya noti wanakodi kwa kampuni za leseni, unaandika kwa penseli na ukimaliza unafuta ndo unarudisha. Ukifungua hivyo vitabu unakuta kuzungusha kumechapwa kabisa kwenye noti: rudia mpaka mwigizaji aseme mstari fulani, ndo uendelee. Yani hata mtunzi aliye mbali alijua hawezi kupanga huo muda, akamwachia mtu atakayekuwepo siku hiyo. Huku sisi hatukodi kitu, tunatunga wenyewe, tunaandika sol-fa, zile do re mi, tunatoa fotokopi, na alama ya kuzungusha naichora kwa bikipeni.

Sasa mjuaji mmoja lazima atakuja kuniambia kuna programu. Ipo, naijua. QLab, inatumia Mac, unaikata biti vipande, kipande cha kuzungusha kinajirudia chenyewe, afu mtu anabonyeza na kinamalizia mzunguko kinaenda mbele. Wanaita Devamp. Inafanya kazi, sibishi, na Ableton nayo unaweza kuipanga hivyohivyo. Lakini oneni mambo mawili. Moja, lazima awepo mtu anayeangalia mbavu na kubonyeza, kwa hiyo ile hela ya mtu hamjaiokoa, mmebadilisha tu anachoshika. Pili, mashine inasubiri mwisho wa mzunguko. Yenyewe haiwezi kuning'iniza. Haiwezi kupunguza mwendo kidogo tu kwa sababu leo huyu mama sauti imemkata kwenye neno "mtumbwi" na anahitaji robo sekunde kurudi.

Kuna kitu kingine kinaniudhi kuhusu biti nacho ni hiki: biti huwa inakuja kwanza, maneno yanafuata. Prodyuza anatengeneza mdundo, afu mtunzi anasukumiza maneno yaingie. Kwenye bongofleva sawa, ndo utamu wake. Kwenye igizo maneno ni habari, watu wanayasikia mara moja tu, hakuna kurudisha nyuma. Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, saMAki, mtuMBWI huwezi, ni mTUmbwi, kila mtu anajua hata kama hajawahi kufikiria. Pigo zito likiangukia silabi nyingine msikilizaji anatumia sekunde nzima kulitambua neno na mstari unaofuata umeshapita. Ndo mimi nazungukia hapo, narudisha mtunzi, nasogeza noti, nagombana na watu.

Ila niseme ukweli, hili la mkazo sina uhakika nalo kama ninavyojifanya mazoezini. Nyimbo kibao za kitabuni kanisani, zile zilizotafsiriwa juu ya tuni za Ulaya, zimevunja mkazo kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na watu wanazilia machozi. Labda kwa sababu wanazijua tangu utotoni. Labda sikio la Mswahili linasamehe kuliko ninavyofikiri. Na mtu aliyekulia kwenye Kisukuma, lugha ambayo sauti kupanda na kushuka ina kazi yake, anaweza kuwa anasikia kitu kingine kabisa nisichokisikia mimi. Bado nasogeza noti.

Turudi kwenye hela, maana najua kamati zinasoma kuanzia hapa. Igizo la nyimbo mkoani halina jumba lake wala mshahara wa mwaka. Hela inatoka vipande vipande: kwaya mbili tatu za kufundisha, harusi, mahafali, na maigizo ya miradi, uvuvi haramu, malaria, lishe, ukatili. (Na ule wimbo wa "ungekuwa mzuri si ungeshaenda Dar" niacheni nao, Dar nako wanafundisha kwaya.) Hii miradi ndo inatulipa, na miradi ina tabia moja, siku ya mwisho kabisa mtu anakuja na karatasi: ongezeni ujumbe wa chandarua kwenye wimbo wa tatu. Kwa kinanda na ngoma tunaongeza vipimo vinne tunafanya mazoezi chini ya mwembe, saa moja kitu kimekaa. Kwa flashi mnarudi studio, mnalipa tena, na prodyuza amesafiri. Hesabu za "tumeokoa" nimeziona zikiishia hapo zaidi ya mara moja.

Ratiba yenyewe ya mwaloni tunapanga kwa mwezi wa angani. Giza likiwa nene wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, ukienda utaigizia kuku. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, watu wanabaki nchi kavu, hapo ndo unapeleka igizo na unapata uwanja umejaa. Na ukienda masika ngoma za ngozi zinalegea kwa unyevu, inabidi uwashe moto wa kuzikaushia kabla na katikati, na hapo, nakubali, aliyekuja na flashi anakuwa amekaa anakunywa soda ananiangalia.

Nakubali na lingine kubwa kuliko hilo. Uwanja wa wazi, bodaboda zinapita, baa ya jirani imefungulia singeli, kinanda kimoja na ngoma mbili na gitaa la besi vinasikika vyembamba. Watazamaji wetu masikio yamelelewa na besi inayotetemesha kifua, na nimeshaona watoto wa shule wakichangamka pale tu mtu wa saundi alipoweka biti yake wakati wa mapumziko, kuliko walivyochangamka igizo zima. Inauma. Sina jibu safi. Siku hizi wimbo wa mwisho, ule wa wote kucheza, ambao hauna mtu anayeongea wala anayehitaji kusubiriwa, nakubali uwekewe biti kubwa kabisa, na ngoma zikae juu yake. Wenzangu wawili watatu wameninunia kwa hilo.

Kwa hiyo kamati ikikosa hela ikate hivi: punguzeni mavazi, acheni mabango, punguzeni maiki maana tukijipanga vizuri tunasikika, mkilazimika mtoeni hata mpiga besi, mkono wangu wa kushoto utashika. Mpiga ngoma msimguse. Na mkishindwa kabisa kabisa ikabidi iwe flashi, basi nipeni hizo biti mapema nizikate vipande, na awepo mtu wa kubonyeza aliyehudhuria mazoezi yote na anayelipwa kama msanii, asiwe yule kijana aliyekuja na spika, maana saa ya wimbo ikifika yeye anatafuta chaja.