Mtoto Anakuja: Pima Siti ya Nyuma Kabla ya Kuiuza IST Yako

Wenzi wengi wanaotarajia mtoto huniuliza swali moja: "Tuna IST, tununue Noah?" Mara nyingi jibu langu ni msiuze kwanza, tafuteni tepu ya kupimia. Mtoto mchanga ana urefu wa sentimita 50 hivi na uzito wa kilo tatu. Anayedai nafasi ndani ya gari ni kiti chake, na kiti hicho kinaingia kwenye magari madogo mengi kuliko watu wanavyodhani. Nimeona fedha nyingi za familia zikiishia kwenye gari kubwa huku mtoto akiendelea kusafiri mapajani mwa mama, na hilo ndilo linaloniuma.

Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, kila kilichomo huvutwa mbele kwa nguvu inayoweza kuzidi mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 4 anakuwa kama mzigo wa kilo 80. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuushika mzigo huo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote na shingo bado ni laini, ndiyo maana kiti chake hukaa kikiangalia nyuma: mgongo, shingo na kichwa vinapokea mshtuko kwa pamoja. Kanuni ya kimataifa ya viti vya watoto, R129, inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apite miezi 15. Kwa hiyo swali la gari linajibiwa na kiti hicho kinachoangalia nyuma.

Anzeni na upimaji. Kaeni siti za mbele kama mnavyokaa kila siku, magoti yakiwa huru, si kwa kujibana ili gari lionekane linafaa. Kisha pima kutoka mgongo wa siti ya nyuma hadi mgongo wa siti ya mbele, usawa wa pale ambapo kiti cha mtoto kitafikia. Kiti cha kubebea mtoto mchanga, kile chenye mpini, huhitaji takriban sentimita 65 hadi 70. Kile kikubwa anachotumia tangu kuzaliwa hadi miaka minne huhitaji 70 hadi 80. Kwenye Vitz, IST au Demio, kiti cha mpini kwa kawaida kinaingia nyuma ya abiria akisogea mbele kidogo. Kile kikubwa ndicho kinachokwama. Nyuma ya dereva mrefu, sahauni. Hapa kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo siti ya nyuma kushoto ndiyo nzuri kwa sababu nyingine pia: mnamshusha mtoto upande wa kando ya barabara, si upande wa daladala na bodaboda.

Baada ya nafasi, mkanda. Hapa ndipo magari mengi ya Japani ya miaka ya nyuma huanguka, na hakuna dalali atakayekuambia. Siti ya katikati nyuma mara nyingi ina mkanda wa kiunoni tu, nao haufungi kiti cha mtoto mchanga kinachohitaji mkanda wa begani na kiunoni. Kwenye siti za pembeni, shida ni urefu: mkanda hupita juu ya kiti upande wa miguu ya mtoto, halafu kipande cha begani kinazunguka nyuma ya kiti chote. Ukipelea sentimita tano, kiti hicho hakifai kwa gari hilo, basi. Angalieni pia kile kifungio cha kike, pale ulimi wa mkanda unapochomekwa. Kama kimeshikwa na utepe mrefu unaolegea, kinaweza kulalia ukingo wa kiti cha mtoto badala ya kuvutwa sawasawa, na kikibanwa hivyo huweza kufunguka au kuvunjika kwenye ajali.

Kuna jaribio moja dogo ninalolipenda. Vuta mkanda wote polepole mpaka mwisho, kisha uachie urudi. Ukisikia tiki-tiki-tiki wakati unarudi na ukakataa kuvutwa tena, una mkanda wenye kazi ya kubana kiti cha mtoto. Magari mengi ya Japani yamewekewa, na wenye magari hawajui. Ukirudi kimyakimya si kasoro, ila itabidi ukandamize kiti kwa goti au kiganja wakati unakaza.

ISOFIX ni vyuma viwili vya milimita 6 vya kunasia kiti cha mtoto, vilivyofichwa pale mgongo na makalio ya siti vinapokutana, umbali wa sentimita 28. Ingiza vidole uvitafute, msitegemee alama ya kitambaa pekee. Tangu Julai 2012 magari mapya yanayouzwa Japani lazima yawe navyo, na mengi ya kabla ya hapo yanavyo pia. Ni vizuri kuwa navyo kwa sababu hupunguza makosa ya kufunga. Lakini kuuza gari zima kwa sababu halina ISOFIX sikubaliani nako. Kiti cha mpini kilichofungwa barabara kwa mkanda kinamlinda mtoto. Na kama kiti chenu kina mguu wa kusimama sakafuni, hakikisheni chini ya zulia hakuna kisanduku cha kuwekea vitu. Kifuniko chake kitadidimia.

Siti ya mbele tuitoe kwenye hesabu kabisa. Eabegi ikifunguka inagonga mgongo wa kiti cha mtoto, yaani kichwa chake, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana swichi ya kuizima. Hapo hapo kuna jambo zito zaidi. Eabegi za kampuni ya Takata ya Japani, zilizofungwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda na nyinginezo, ziliitwa kurudishwa kwa mamilioni kwa sababu kemikali ya kuzilipua huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, halafu ikilipuka inapasua chuma na kurusha vipande usoni. Joto na unyevu: hiyo ndiyo Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Gari likitoka Japani kabla ya eabegi hiyo kubadilishwa, limekuja na tatizo lake. Chukueni namba ya chesisi kwenye kadi ya gari mkaiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani. Fanyeni hivyo hata kama hamna mpango wa kubadilisha gari, na kwa gari jipya mnalolitamani fanyeni kabla ya kulipa.

Sasa hesabu ya watu, na hii mara nyingi ndiyo inayoamua. Baba anaendesha, mama hukaa nyuma na mtoto, dada wa kazi yupo, na bibi amekuja kwa ajili ya arobaini. Kwenye IST, kiti cha mtoto kikishachukua pembeni, mtu wa tatu nyuma anabanwa katikati, na huenda kwa mkanda wa kiunoni tu. Kama safari ya watu wote hao ni mara moja kwa mwezi, kukodi teksi siku hiyo ni rahisi kuliko kulea injini ya lita 2 mwaka mzima. Kama ni kila siku, basi mazungumzo ya gari kubwa yana msingi.

Ninakubali kubadilisha katika hali hizi. Pikapu ya kebini moja, au gari lisilo na siti ya nyuma yenye mkanda wa begani. Mapacha wanaomkuta kaka au dada ambaye bado anatumia kiti: kiti kimoja kina upana wa sentimita 44 hivi, vitatu vinafika 132, na gari dogo halina upana huo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kama gari ni la chini sana na yeye ndiye atakayeinama kumweka mtoto kila siku; hilo watu hulidharau, mshono haulidharau. Na gari linalozima njiani. Gari ambalo hamliamini saa nane usiku halifai kumpeleka mama hospitali, hata liwe na nafasi ya kulala.

Mkifika hapo, mimi ningeangalia Sienta kabla ya Noah. Sienta ya kwanza, ya 2003 hadi 2015, ina umbali wa milimita 2,700 kati ya tairi za mbele na za nyuma, dhidi ya 2,370 za IST ya kwanza, na tofauti hiyo mnaiona kwenye magoti. Milango ya kuteleza inamsaidia mama kusimama karibu hata mkiwa mmeegesha kwa kubanana. Injini yake ya 1NZ-FE ni ile ile ya IST ya 1.5, kwa hiyo spea mnazijua. Tofauti iko kwenye gia boksi: nyingi zina CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, nayo inataka oili yake ya CVT, si ATF, oili ya otomatiki za kawaida. Fundi akimwaga yoyote iliyopo, gia boksi inaondoka. Noah ya 2001 hadi 2007 inakuja na injini ya D-4, inayopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na haisamehi petroli chafu. Siti ya tatu kwenye magari haya msiweke mtoto: iko karibu mno na mlango wa buti.

Wakati nao una uzito. Gari la kuagiza Japani linakaa baharini mwezi au zaidi, bado ushuru na usajili; Kenya hairuhusu lililozidi miaka minane. Na gari la mtumba lina magonjwa yake ambayo hujitokeza ndani ya miezi miwili ya kwanza. Kubadilisha mwezi wa tano wa ujauzito, sawa. Mwezi wa nane, hapana. Bakini na mnalolijua.

Fedha mnazobakiza zitumieni hivi. Tairi: someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwake, 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Likifika miaka 10 litoke, hata likiwa na meno. Pedi za breki zikibaki milimita 3, badilisheni. Ekzosi ikaguliwe kama inavuja, pamoja na mpira wa mlango wa buti, kwa sababu moshi unaoingia ndani humfikia mtoto aliyelala nyuma. Chujio la AC, ambalo kwenye magari mengi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mkilitoa mtashangaa majani na vumbi mnavyovuta.

Kiti chenyewe, hasa cha mtumba, kiwe na lebo ya chungwa ya R44, kanuni iliyoitangulia R129, yenye namba ya idhini inayoanza na 03 au 04, au lebo ya R129. Kigeuzeni: kwenye plastiki ya upande wa chini kuna duara lenye mshale unaoonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kisicho na historia inayojulikana, mkiache. Nyufa za ajali hazionekani kwa macho.

Kifungeni wiki ya 36, si siku ya kutoka hospitali. Kikishakazwa, kishikeni pale mkanda unapopita na mkitikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mlalo uwe karibu nyuzi 45, kwa sababu kikisimama sana kidevu kinaangukia kifua na njia ya hewa inabanwa. Mikanda ya bega itokee usawa wa mabega ya mtoto au chini yake kidogo, na ikazwe mpaka usiweze kuifinya kwa vidole. Kanga mnamfunika nayo juu baada ya kumfunga, haiingii chini ya mikanda. Wiki za kwanza, asikae humo zaidi ya nusu saa mfululizo. Fanyeni mazoezi kwa mwanasesere wote wawili, na dada na bibi pia, mpaka kila mmoja aweze kumfunga na kumfungua bila kuelekezwa.