Esanse ya ndege ndogo na damu ya watoto wetu

Tunakaa karibu na uwanja wa Luano, Lubumbashi. Je, kila ndege inayopita inatumwagia madini ya risasi?

Hapana. Ndege kubwa, na hata ndogo kama Caravan au Let 410, hutumia kerozeni, ambayo haitiwi risasi. Shida iko kwa zile za injini ya pistoni, kama Cessna 172 na 206. Esanse yao ni ya bluu, na lita moja inaweza kubeba hadi gramu 0.56 za risasi. Ndiyo, madini yaleyale ya risasi za bunduki. Hutoka na moshi, yakatua kwenye udongo ambao watoto wanauchezea.

Si risasi ilishaondolewa kwenye esanse?

Ya magari, ndiyo: kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa 2006, na Algeria ikamaliza mwaka 2021. Ndege zilibaki nyuma kwa sababu baadhi ya injini zao zinabana mafuta kwa nguvu sana. Yasipohimili, yanalipuka kabla ya wakati na injini inaweza kufa angani. Kwa hiyo rubani asimimine esanse ya pikipiki kwa kujiamulia. Marekani iliidhinisha esanse ya ndege iitwayo G100UL, isiyo na risasi, mwaka 2022, na inalenga kuacha ya zamani ifikapo mwisho wa 2030. Naona ni mbali mno kwa mtoto anayetambaa leo.

Mume wangu ni fundi wa ndege. Afanye nini?

Huyu ndiye ananitia wasiwasi kuliko majirani wote. Kila asubuhi fundi hukinga esanse kidogo chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki, anaiinua kwenye mwanga kutazama kama ina maji, kisha anaimwaga chini. Vidole vimelowa. Risasi ya aina hii hupenya ngozi! Avae glavu, amwage kwenye chombo, asinawe grisi kwa esanse, na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Nitajuaje kama mtoto ameathirika?

Kwa kumtazama, mara nyingi hutajua. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto hunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Inagusa ubongo: kujifunza, kutulia, kukumbuka. Piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi kavu. Mpe ndagala, maharagwe na lengalenga, maana tumbo lenye madini ya chuma na kalisi hunyonya risasi kidogo. Ukimpeleka kwa daktari, omba kipimo cha risasi kwenye damu, na umwambie baba yake anafanya kazi gani.