Daftari la mgonjwa likihamia kwenye simu

Mgonjwa wa presha anayetoka Mpwapwa kuja kumwona daktari bingwa hapa Dodoma mjini hubeba bahasha: daftari la zahanati, majibu ya maabara, pengine na picha ya eksirei. Daftari likilowa mvua au likisahaulika nyumbani, maswali yanaanza upya. Ulikuwa unatumia dawa gani? "Vile vidonge vyeupe vidogo." Hapo daktari hana pa kushika.

Kumbukumbu binafsi ya afya ya kielektroniki inakuja kuziba pengo hilo. Wengi huichanganya na kompyuta ya hospitali. Mfumo kama GoT-HoMIS, unaotumika katika hospitali za umma, ni wa watoa huduma. Kumbukumbu binafsi huifungua mgonjwa mwenyewe: anasoma majibu yake, anaandika dawa zinazomdhuru, anaamua amwoneshe nani.

Je, wagonjwa wataipokea? Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kuwa mtu huukubali mfumo wa kompyuta akiona una manufaa kwake na hautamsumbua kuutumia. Ni kweli, ila ugonjwa una jambo la tatu, nalo ni siri. Katika nyumba zetu simu moja huzunguka: mtoto achezee gemu, shemeji atumie kutuma pesa, jirani aazime mara moja. Mama anayetumia dawa za kufubaza VVU, au binti aliyeanza uzazi wa mpango bila kumwambia mtu, akikataa kuweka habari zake humo, tusimwite mshamba. Amepima hatari yake vizuri kuliko sisi tuliotengeneza programu. Na mwenye kitochi asiachwe nje. Programu inayotaka simu janja na bando kila siku imeshamkataa yeye kabla yeye hajaikataa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inakupa haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa hiyo ukiletewa programu ya afya ujiunge, uliza kwanza: nani mwingine anasoma? Nikipoteza simu inakuwaje? Nikitaka kujitoa, taarifa zangu zinafutwa? Asiyeweza kukujibu kwa Kiswahili chepesi, usimpe kidole gumba.

Na daftari lako usilitupe bado. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni, uje nalo kliniki.