Kurejelea chanzo: maana yake kwa mwanafunzi wa uuguzi

Kurejelea chanzo ni kumwonyesha msomaji, palepale unapotoa hoja, kwamba hoja hiyo umeipata kwa nani na iliandikwa mwaka gani. Basi. Mabano, nukta na mkato ni utaratibu tu, ingawa ndiyo wanafunzi wengi huyahangaikia huku jambo lenyewe likiwaponyoka.

Tuchukue mfano wa hapahapa Bagamoyo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwamo. Mwanafunzi anaandika kwenye asainimenti: "Chanjo ya malaria inawakinga watoto." Si uongo, lakini muuguzi wa kliniki ya watoto aifanyie nini sentensi hiyo? Inakinga kwa kiasi gani, na watoto wa umri gani? Akiufungua utafiti wenyewe, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet, atakuta kwamba kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne hivi ya kufuatiliwa. Kwa walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, ilipungua kwa kama asilimia 26. Hapo ndipo mama akiuliza kama mtoto aliyechanjwa bado alale kwenye chandarua, muuguzi ana la kumjibu: ndiyo, alale.

Wodini jambo hili halina ubishi. Presha iliyoandikwa kwenye faili la mgonjwa bila saa wala saini, nani ataitegemea kubadilisha dawa?

Usidhani kuyageuza maneno kunaondoa deni. Ukisoma makala ya Kiingereza ukaieleza kwa Kiswahili chako safi kabisa, wazo bado ni la mwandishi wa makala hiyo na sharti umtaje. Usipomtaja ni wizi wa kitaaluma, sawa na aliyekopi na kupesti. Kudesa, yaani kunakili kwa mwenzako, kuna hatari nyingine: desa la mwenzako linataja utafiti ambao yeye mwenyewe hakuusoma, nawe unaubeba pamoja na makosa yake. Rejelea ulichokisoma kwa macho yako. Lakini kwamba malaria huenezwa na mbu wa Anofelesi, hilo linajulikana na wote, halihitaji kutajiwa mtu.

Kuhusu mitindo ya kurejelea, ulizia chuoni kwako unaotumika. APA hutaja jina la mwandishi na mwaka ndani ya sentensi. Vancouver, ulioanzia kwenye mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978, hutumia namba kwa mfuatano wa kutajwa. Ubaya wake, ukichomeka chanzo kipya katikati ya kazi, namba zote zinazofuata zinasogea. Ukipewa huo, tumia programu ya Zotero, ni ya bure na huzipanga yenyewe.